Ushauri wa Dokta Zuberi

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Likizo. Nipo Mikindani, kwenye kikundi cha Shangazi Mwanaidi cha kubangua korosho. Wanawake wanane, mimi wa tisa. Utomvu wa maganda unaunguza. Vidole vya shangazi vimebabuka hadi hawezi kushika sindano, na nguo za Krismasi anazowashonea wateja zimelala nusu.

Nimesoma kitabuni: mikono ipakwe mafuta kabla ya kazi, tena kila baada ya saa moja. Nikawaambia. Kwa sauti yangu hii ndogo, yaani hakuna aliyesikia. Nikarudia. Mama Witness, anayekaa mkabala nami mezani, akauliza tangu nizaliwe nimebangua korosho ngapi. Nikasema arobaini na mbili. Walicheka hadi wakashika mbavu.

Kisha yeye akasema jirani wa shemeji yake anapaka majivu tu. Wote wakaitikia, eeh! Jirani wa shemeji! Hata jina hana!

Jumatano, 10 Desemba

Nimegundua. Hapa swali la kwanza ni nani kasema. La pili halipo.

Asubuhi, nikitazama sakafu, nikasema Dokta Zuberi wa Madimba anashauri mafuta. Wote wakanigeukia. Shangazi akauliza, ni yule mrefu? Nikasema mrefu sana. Kufika saa nne, chupa ya mafuta ya nyonyo ilikuwa inazunguka meza nzima.

Ushindi! Dokta Zuberi ana umri wa siku moja na tayari ana wagonjwa wanane.

Alhamisi, 11 Desemba

Balaa. Mama Witness anamfahamu Dokta Zuberi! Eti walikutana sokoni, akamuulizia hali ya mama yake. Eti ana miwani. Ningemkanushaje? Nikasema ndiyo, miwani.

Hadi jioni dokta alikuwa amekataza chai ya rangi, ameruhusu umbea wa wastani, na ameagiza wenye nguo za kijani wakae dirishani penye upepo. Mama Witness alivaa kijani.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeungama. Nikasimama, nikasema Dokta Zuberi nimemtunga mimi. Mama Witness akanishangaa: we mtoto, utamtungaje mtu mwenye miwani? Shangazi akasema nisijilazimishe utani, siuwezi. Mwingine akauliza nani kaniambia kwamba dokta hayupo. Nikasema ni mimi mwenyewe. Basi, wakarudi kwenye korosho zao.

Lakini vidole vya shangazi vinaota ngozi mpya. Leo ametunga uzi kwenye sindano. Nilifurahi hadi nikasahau kuona haya.

Jumatatu, 15 Desemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi Mama Witness alileta habari mpya: Dokta Zuberi anasema wanafunzi hawahitaji mafuta, wino umewakomaza vidole. Nikatafakari. Dokta huyu hajakosea hata mara moja. Vidole vya shangazi ni ushahidi. Nikairuka chupa.

Saa tano, vidole vitatu vikawa vimebabuka. Shangazi alinipaka mafuta taratibu huku akinipulizia kama mtoto mchanga. Raha kidogo, kusema kweli.

Malengelenge sijui niyafanyeje. Kitabu changu hakisemi. Kesho mapema nitamwomba Mama Witness aniulizie kwa Dokta Zuberi.