Daraja la Kurasa Arobaini

Kofia ya ujenzi aliiokota, kizibao cha kung'aa alikinunua mtumbani, na kwa vitu hivyo viwili mji mzima ukamwita Injinia. Nani angembishia? Mtu akipima mtaro kwa futi kamba huku amekunja uso, hata polisi humpisha.

Mtaro wenyewe ulitenganisha soko na stendi. Wateja walizunguka robo saa nzima na mizigo kichwani, wakilaani. Injinia aliwatazama asubuhi moja tu, akajua hapa pana ulaji. Chama cha wauzaji wa soko kilikuwa na mfuko ulionona, na mwenyekiti wake alikuwa Mama Mchele, bibi wa miwani minene aliyepima mchele bila kuinua macho.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea ubia."

"Marahaba, mwanangu. Ubia gani tena?"

"Wa serikali na sekta binafsi. Serikali inatoa kibali, chama kinatoa mtaji, mimi najenga daraja. Kila anayevuka analipa, miaka ishirini. Mtakula mpaka wajukuu."

"Na hiyo serikali iko wapi?"

"Kibali kiko njiani, mama. Nakileta mwenyewe."

Akamkabidhi mkataba wa kurasa arobaini. Aliutoa kwenye duka la fotokopi, mkataba wa barabara ya watu wengine, akabadilisha majina basi. Kuusoma hakuusoma, maana alichotaka ni unene. Mkataba mwembamba hautishi mtu. Mama Mchele aliuweka chini ya mizani, siku ya tatu wakausaini wote wawili.

"Ila wanachama wangu wabishi," akasema bibi. "Mfuko haufunguliwi mpaka waone nguzo. Simamisha mbili tu, mwanangu, uwazibe midomo."

Injinia akauza pikipiki. Nguzo ziliposimama, mweka hazina alikuwa msibani. Aliporudi, wanachama wakataka kuona na mbao za kukanyagia. Injinia akauza friji, akauza kitanda, akalala kwenye mkeka na furaha ya bwana harusi, kwa kuwa mfuko ule sasa alikuwa anausikia mpaka harufu.

"Zimebaki kingo tu, watoto wasije wakatumbukia," akasema Mama Mchele.

Hapo, Mungu amsamehe, akauza kabati la mama mkwe, aliyekuwa safarini na angerudi Jumamosi. Pesa ya chama ingetoka Ijumaa. Angenunua kabati lingine, kubwa zaidi, kisha autoroke mji.

Ijumaa ikafika, daraja limesimama, zuri kweli. Injinia alikuja na begi tupu. Mama Mchele alikuwa amefungua mkataba ukurasa wa thelathini na moja.

"Nisomee hapa, mwanangu. Macho yangu haya."

Injinia akasoma, sauti ikizidi kushuka. Mbia wa ujenzi asipoleta kibali ndani ya siku sitini, kazi yote inakuwa mali ya mbia mwenzake, bila fidia.

"Mama, haya kaandika nani?"

"Si umeleta wewe? Sahihi yako hii. Leo siku ya sitini na moja. Kibali nimekifuata mwenyewe halmashauri, wamefurahi mno kupata daraja."

"Na wewe ulijuaje kama hili neno limo?"

"Nilikuwa mpiga chapa idara ya ujenzi miaka ishirini na miwili. Ukurasa huu niliuchapa mimi. Nilikosea nukta, bosi akanirudishia mara tatu."

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, amerudi siku moja kabla, anauliza kwa upole kabati lake liko wapi.

Injinia akakata simu. Alitimua mbio kuelekea stendi, na njia ya mkato ilikuwa moja tu. Kwenye kizuizi cha daraja mwanachama mmoja alimnyooshea mkono. Injinia akapekua mifuko yote, akalipa, akapewa risiti.

Hapo hapo alisimama, watu wakimsukuma nyuma, akaisoma yote, mbele na nyuma, ndipo akavuka.