Bia Isiyoagizwa

Jumatatu, 6 Novemba
Mimi nina bahati ya mtende. Nazunguka Hispania nzima nikiuza kufuli na bawaba, na hakuna mji ambao baa zake hazinijui. Bilbao naomba zurito, Madrid caña, Malaga tubo. Bia ni ile ile, glasi ndizo tofauti, na ukikosea jina wanakujua wewe wa kuja. Mimi sikosei.

Wiki hii niko Teruel. Baa ni ya Obdulia, mjane mwenye mikono ya mwoka mikate. Saa saba mchana akaingia Eutiquio, karani mstaafu wa stesheni. Hakusema neno. Hata koti hajavua, bia yake iko kaunta, na kisahani cha zeituni kando yake. Mimi nilishaita mara mbili. Roho iliniuma. Nimeapa: kabla sijaondoka Jumamosi, mama huyu ataniwekea yangu bila kuniuliza.

Jumanne, 7 Novemba
Mpango: saa ile ile, kigoda kile kile. Nikaomba zurito, Obdulia ajue nimetembea. Akauliza, kaka, hicho nacho ni kidudu gani? Nikamweleza. Nilimweleza kirefu. Eutiquio akanikatiza: kunywa, kijana wangu, povu linazeeka.

Nina miaka hamsini na mbili.

Jumatano, 8 Novemba
Nikaomba tubo, nikapima kwa mikono urefu wa glasi za Malaga. Watu wakacheka. Nikajiona nimefika. Nikataka kumlipia Eutiquio, nimzibe mdomo. Kumbe alishalipa kimyakimya, yake na yangu. Mgeni halipi mbele yangu, alisema.

Mgeni. Nimelala na neno hilo.

Alhamisi, 9 Novemba
Nilimbana Eutiquio anipe siri. Akasema hana. Miaka kumi na tisa anaomba kitu kimoja, mpaka Obdulia akachoka kumsikiliza. Wewe kila siku jina jipya, akaniambia, mama wa watu akumiminie nini?

Nikashukuru. Ila mtu akikufundisha bure, ana lake jambo.

Ijumaa, 10 Novemba
Mvua. Baa tupu. Obdulia anafuta glasi. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Zamora. Akauliza nani yuko huko. Nikasema nyumba ipo, tangu mama afariki nimeifunga kwa kufuli yangu, tena ile ya bei. Alitaka kucheka, akaacha. Akauliza, na huko kwenu ukiingia baa unaomba nini? Nikakohoa. Sikukumbuka.

Akaegemea kaunta. Basi kesho njoo saa yako, alisema, nitakuwekea caña. Wewe ingia tu, kaa, na usifungue mdomo.

Nimepiga pasi shati.

Jumamosi, 11 Novemba
Saa saba kamili. Nikasukuma mlango. Obdulia ameniona, anatabasamu, bia imejaa, mkono unakuja. Kila kitu kilikuwa kinakuja kwangu.

Nikasikia mtu akiomba penalti, kama Zaragoza wanavyoita glasi ndogo ya bia. Ni mimi.

Mkono ukasimama. Akasema haya, kaka, ulivyotaka. Akachukua glasi ndogo, akamimina nyingine. Ile caña akampa mtu mmoja wa posta aliyekaa kando yangu, aliyekuwa hajaagiza chochote.

Sasa niko kwenye basi la Cuenca. Kosa ni la mji, Teruel ni wazito. Nimesikia Cuenca wana jina lao la glasi. Nitaingia nalo mlangoni, wajue nimetembea.

Na niliyoandika Jumatatu ni uongo. Hakuna baa hata moja inayonijua.