Kibao Kipya cha Gari la Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kibao cha gia cha gari letu, kilichotokea leo saa mbili na robo asubuhi, ghafla, chini ya goti langu. Marehemu alizaliwa kiwandani pamoja na gari, miaka thelathini na moja iliyopita. Ameacha fimbo moja ya gia, breki moja ya mkono na kijishimo cha kuwekea sarafu. Habari ziwafikie wote waliowahi kumwegemea.

Nilikuwa natafuta kalamu chini ya kiti. Kalamu yenyewe haiandiki.

Mtu atasema, plastiki tu hiyo ya kuzungushia fimbo ya gia. Hamjui baba mkwe! Aliliendesha gari hili miaka ishirini na minane, mpaka macho yalipomgomea. Akatupa sisi, kwa sharti alilolitamka mbele ya familia nzima: tukilitunza ni letu, tukilichakaza linakwenda kwa kaka yake mke wangu. Shemeji huyo namwita Mtaalamu, maana hakuna asilolijua. Ana gari jipya, linang'aa, lakini hili analimezea mate tangu siku ile.

Na Jumamosi mzee anakuja tumpeleke hospitali ya macho. Haoni vizuri, kwa hiyo gari atalikagua kwa mkono. Mkono wake, akikaa kiti cha abiria, hutua pale pale kwenye kibao.

Mke wangu nimemwambia ni joto lililopasua. Akakitazama, akaniuliza tangu lini joto lina goti. Kisha akaingia garini, akaupapasa ufa. Akasema alipokuwa darasa la kwanza alikuwa akipanga penseli zake juu ya kibao kile, na baba yake anamsubiri amalize ndipo aingize gia. Akashuka, akaingia ndani bila kunigombeza.

Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 7 Mei

Duka la spea. Muuzaji amenisikiliza vizuri, halafu amewaita wenzake waje wasikie ni gari la mwaka gani. Mmoja wao, mtu mzima, amevua kofia.

Uamuzi mzito: nitakitengeneza mwenyewe. Cha mbao! Kama cha magari ya wakubwa.

Mtaalamu amepiga simu kabla sijamaliza kuamua. Dada yake hana siri kwake. Amenipa pole nyingi. Amesema nisijitese, shemeji, yeye Jumapili atakuja na dereva walichukue tu gari, kwani gari la zamani linataka mtu mwenye mikono. Nimeikagua yangu. Ipo yote miwili.

Nimekwenda kwa seremala wa mtaa wa pili, mzee tunayemwita Milimita, kwa sababu hata sukari ya chai huitia huku amefumba jicho moja. Ameniazima msumeno mwembamba, tupa na msasa. Nasaha akaongeza bure. Kwanza nikate kielelezo cha boksi gumu. Kisha nichezeshe gia, zote, bila kuruka hata moja, nione fimbo inafika wapi. Na kibao nikifunge kwa skrubu peke yake, nisithubutu kutia gundi, maana iko siku nitataka kukifungua.

Nimemjibu kwamba nilishaelewa kabla hajaanza.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya vipimo. Nimekata boksi la viatu vya mke wangu (viatu nimevihifadhi, sijui wapi). Nikalilaza juu ya gia. Gia ya kwanza, alama. Ya pili, alama. Ya tatu, ya nne. Mkono hautetemeki hata kidogo.

Rivasi sikuipima. Katika gari letu unabonyeza fimbo chini, unaivuta kushoto kabisa, ndipo unaisukuma mbele. Sasa gari lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, mkia kiasi cha shibiri moja tu kutoka ukuta wa jirani. Niingize rivasi niangushe ukuta wa watu? Ni kweli injini ilikuwa imezimwa. Ni kweli pia ufunguo ulikuwa ndani, juu ya friji. Lakini gari la umri ule siliamini hata likiwa limelala.

Isitoshe, shimo dogo linapendeza zaidi.

Ubao sasa. Milimita anao mzuri, ila anataka ukauke wiki mbili zaidi. Wiki mbili! Nimezunguka nyumba nzima nikigonga fanicha kwa kidole kama daktari anayepima kifua. Kabati, hapana. Meza, mke angejua. Nikafika chumbani. Ubao wa kichwani mwa kitanda: mgumu, wa rangi ya kahawia iliyoiva, mkavu tangu harusi. Zawadi ya Mtaalamu, aliyoikabidhi kwa hotuba ya dakika arobaini. Hivi nani hutazama ubao wa kichwani? Ukilala, umeupa utosi.

Nimekata nyuma ya mto wangu. Upande wangu tu. Mimi si mwizi.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi mke wangu alikuwa anatandika kitanda. Akauweka mto wangu. Mto ukatokea upande wa pili. Akaenda kuuokota, akauweka tena, ukatokea tena.

Nimemwambia ni kwa ajili ya hewa. Akauliza kwani utosi wangu una homa.

Halafu akakiona kibao dirishani, kimepigwa msasa, kimelainika kama shavu la mtoto. Nikajua leo ndiyo leo. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, kisha akauliza penseli zitakaa wapi.

Nikamwambia sehemu ya penseli ndiyo naiendea sasa hivi. Uongo mtupu. Nimeshinda mchana kutwa na tupa nikichonga kifereji cha penseli mbili. Vidole vimevimba. Kifereji kimekwenda upande kidogo, lakini penseli hazianguki. Nimejaribu na ile kalamu isiyoandika. Hatimaye imepata kazi.

Ijumaa, 10 Mei

Vanishi, nimepaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Nzi mmoja ametua kwenye mkono wa pili na hakuondoka. Nimempaka wa tatu juu yake. Ukitazama haraka ni kifundo cha mti.

Nimekifunga kwa skrubu sita, kama alivyosema Milimita. Na gundi, kama asivyosema Milimita. Nina sababu. Namjua Mtaalamu. Akikuta kitu kimefungwa kwa skrubu tu, atatoa bisibisi mfukoni akifungue ahesabu makosa.

Na kweli amekuja alasiri! Na tochi, jua likiwa linawaka. Na pimamaji ya fundi ujenzi. Ameilaza juu ya kibao changu, akainama. Povu likakaa katikati kabisa, limetulia. Akaigeuza pimamaji, akapima tena. Mwishowe akasema, basi gari lenyewe ndilo limepinda.

Akaongeza kwamba ubao huu kama anaufahamu. Nimemwambia umetoka mbali. Kutoka chumbani hadi nje ni hatua kumi na tisa.

Alipoondoka nikalitoa gari kwenda kujionyesha barabarani. Ya kwanza, laini kama siagi. Ya pili, ya tatu, ya nne, siagi juu ya siagi. Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikasimama getini niingie kinyumenyume kama kawaida yangu. Nikabonyeza, nikavuta kushoto.

Tok.

Tena. Tok. Fimbo inagonga ubao. Haifiki kushoto, kwa hiyo haiendi mbele, kwa hiyo gari haliendi nyuma. Nikachukua bisibisi, nikatoa skrubu zote sita. Kibao hakikutikisika. Kopo la gundi limeandikwa inashika milele. Ni mara ya kwanza kopo kuniambia kweli.

Kukipanua kwa tupa kikiwa pale pale? Vumbi juu ya vanishi mbichi, na mzee yuko njiani! Hapana. Nimeliegesha barabarani, pembeni. Mke nimemwambia linapunga upepo.

Mpango ninao: kesho tutakwenda mbele tu.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ndefu. Nitaandika kwa utaratibu.

Baba mkwe amefika na kofia yake, akanisalimu kwa kunipapasa bega, akaingia garini. Mkono ukatua. Akapapasa ukingo, akapapasa katikati, akampita nzi bila swali. Akafika kwenye kifereji. Akauliza hiki ni cha nini. Mke wangu, kiti cha nyuma, akasema cha penseli, baba.

Mzee akageukia dirishani. Akasema macho haya siku hizi yanatoa maji ovyo, ndiyo maana anapelekwa hospitali.

Njia nilikuwa nimeichora kwenye karatasi: duara kubwa, kona zote wazi. Tumefika salama. Mlinzi wa hospitali akanielekeza niingize pua kwenye ukuta, kama wenzangu. Nimemweleza kwamba gari hili ni la makamo, linapenda kutazama nje. Hakuelewa. Nimeegesha mbele ya duka la mikate, mwendo wa dakika kumi na mbili. Mzee amekwenda kwa miguu akinishika mkono, akiuliza kwa upole hospitali ilihama lini.

Ndani wakamtia dawa ya kupanua mboni. Akatoka haoni kabisa, anacheka, anasalimia nguzo.

Kurudi ndiko kulikoniponza. Ile njia nyembamba ya nyuma ya ghala. Uso kwa uso na lori la matofali. Dereva wa lori akatoa kichwa, akasema rudi nyuma mita tano tu, mkubwa, nipite. Nikamwambia rudi wewe. Akasema ana matofali elfu mbili, mimi nina nini? Nikamjibu nina msimamo. Honi zikaanza nyuma yake. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba leseni yangu niliiokota kwenye pakiti ya biskuti.

Baba mkwe akauliza kwa nini siingizi rivasi, mwanangu. Nikajifanya narekebisha kioo. Akanyoosha mkono mwenyewe: bonyeza, kushoto. Tok. Akarudia. Tok. Akaupitisha ukucha kwenye ukingo wa shimo, polepole, mpaka mwisho. Mtu asiyeona hata lori, akaona kila kitu.

Nikasubiri hukumu. Nilikuwa nimeshaliona gari uani kwa Mtaalamu.

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema nishuke nikasukume, usukani atashika yeye. Nikamwambia baba, umetiwa dawa, huoni. Akasema kwenye njia hii alianza kurudi nyuma mimi nikiwa bado nalamba makamasi. Mke wangu akasema mwache baba.

Basi. Gia huru, injini kimya, mimi nimelalia boneti nikisukuma. Mke wangu nyuma akiita kulia baba, kushoto baba, hapo hapo baba. Dereva wa lori akashuka, akaweka bega karibu na langu, akininong'oneza kwamba ukoo wetu ni wa ajabu. Na mzee kakaa wima, mikono miwili kwenye usukani, anazungusha kidogo kidogo kama anayefungua redio. Hakugusa ukuta wowote.

Mita tano zikaisha. Tukamwambia imetosha. Akajifanya hasikii. Tukamsukuma kumi zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Mtaalamu amekuja na dereva, kama alivyoahidi. Ameleta na karatasi za kuhamisha umiliki, ndani ya bahasha ya plastiki. Akamweleza baba yake kwa heshima zote kwamba gari limeharibiwa, halina rivasi, na kwamba shemeji yake (mimi!) ni hatari kwa chombo chochote chenye magurudumu.

Mzee akamaliza chai yake kwanza. Kisha akasema tangu macho yaharibike kila mtu anamshika mkono kama yai. Kwenye gari la mwanawe mwenyewe haruhusiwi hata kufungua mlango. Huyu mkwe, pamoja na ujinga wake (nanukuu), kampa usukani. Gari libaki lilipo.

Mtaalamu akazirudisha karatasi kwenye bahasha. Nikamwonea huruma, karibu.

Ombi moja tu, akasema mzee. Nilipanue lile shimo kabla ya Jumanne, ili nimpeleke stendi bila kusukumana. Ni kazi ya nusu saa kwa tupa. Nikasema ndiyo baba, hilo limekwisha.

Mke wangu jioni amepanga penseli mbili kwenye kifereji. Kisha akakaa tu mle garini, mlango wazi, miguu nje. Nikakaa naye.

Jumatatu, 13 Mei

Nimetafakari sana. Kama ningeipima rivasi, tusingekwama. Tusingekwama, mzee asingeshika usukani. Asingeshika usukani, gari leo lingekuwa kwa Mtaalamu. Kwa hiyo kupima kupita kiasi ndiko kunakoharibu kazi. Nimempelekea Milimita hoja hii pamoja na vifaa vyake, na tupa ikiwemo, shimo likiwa vile vile. Amefumba macho yote mawili.

Sasa naanza dashibodi nzima. Ya mbao! Kitanda bado kina upande wa mke wangu, haujaguswa.

Mtaalamu alipita mchana kumuaga baba yake. Nimeona nimwonyeshe jinsi fundi anavyoegesha: nimeliingiza gari uani kwa mkupuo mmoja, likasimama bampa ya mbele ikilibusu tofali. Hakupiga makofi, ila nilimwona kameza mate.

Basi la baba mkwe linaondoka kesho saa moja asubuhi. Mke wangu ameuliza kama gari liko tayari. Nimemwambia lina mafuta, lina maji, litawaka mara moja.

Limetazama ukuta.