Karani Hajapata Choo

Jumatatu, tarehe 4

Karani amelala kwangu usiku wa kwanza. Paka wa kijivu, kifua cheupe, anakaa wima kama mtu anayesubiri kugonga muhuri. Ndiyo maana Mwalimu akamwita hivyo. Mwalimu alinifundisha darasa la nne. Sasa amestaafu na amehamia kwa binti yake, ghorofani, ambako wanyama hawaruhusiwi.

Nimekabidhiwa kwa majaribio mpaka Jumapili. Mwalimu akiridhika, paka ni wangu. Asiporidhika, paka anakwenda kwa Sista, jirani yangu wa mlango wa pili, muuguzi mstaafu. Naye alimwomba. Alimwambia Mwalimu kwamba yeye ana uzoefu wa viumbe hai. Mimi nina uzoefu wa makabati.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Nilimtaka paka kwa sababu Sista alimtaka. Lakini asubuhi nimeamka nikamkuta amelalia mguu wangu. Nikafungua karakana kwa kuchelewa saa nzima, naogopa kumwamsha. Mguu umekufa ganzi hadi mchana.

Mwalimu aliacha beseni la plastiki lenye mchanga, ndiyo choo chake. Beseni limepasuka ukingo. Seremala mzima, paka wangu ajisaidie humo? Nimeanza kupima mbao.

Jumanne, tarehe 5

Choo kimekamilika, sanduku la mbao. Mlango wenye bawaba mbili za shaba. Kitasa kidogo. Vanishi mara tatu. Ndani nimemwaga maranda laini kutoka kwenye randa yangu mwenyewe. Beseni nimelitupa.

Karani alikinusa, akapiga chafya mbili, akaenda kukaa chini ya kitanda. Hajazoea vitu vizuri.

Mwalimu alipiga simu alasiri. Hakuuliza kama paka anakula. Aliuliza kama amepata choo. Akaeleza kwamba Karani akihuzunika hufunga choo, mwaka juzi alilazwa siku nne, na nusura wampoteze. Nikamwambia amepata, tena vizuri sana.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata baadaye ikihema.

Jumatano, tarehe 6

Hajapata. Siku ya tatu hii.

Aliingia chooni asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni na tochi. Akajikunja, akajikaza, akatoa sauti ambayo sitaisahau. Nikamtia moyo kwa maneno mazuri. Akanitazama, akatoka, akarudi chini ya kitanda. Nimemgusa tumbo, ni gumu.

Nimempa maziwa. Tumbo limenguruma tu. Nimempa boga la kuchemsha, maana nilisikia linasaidia. Alilinusa, kisha akakwangua sakafu pande zote kana kwamba analifukia. Kazi aliyoikataa chooni ameifanyia boga.

Ingefaa niende kwa daktari wa mifugo. Lakini zahanati yake inatazamana na dirisha la Sista, na Sista hushinda dirishani. Nikaenda kwa Sista mwenyewe, kwa ujanja. Nikamwambia mtoto wa dada yangu amefunga choo siku tatu, afanyweje. Akasema maji mengi, nimlaze chali, nimsugue tumbo kwa mzunguko, kisha nimkunje na kumkunjua miguu kama anaendesha baiskeli. Nikashukuru. Nilipofika mlangoni akakumbuka kuwa niliwahi kumwambia mimi ni mtoto pekee. Nikasema ni dada wa ukoo.

Alhamisi, tarehe 7

Baiskeli imeshindikana. Mkono wa kulia, mistari sita. Shavu, mistari miwili. Karani amekasirika na hajapata choo.

Sista ameniona nanunua bendeji. Akauliza kama hao ni makucha. Nikasema ni mtoto wa dada. Akasema mtoto huyo akatwe kucha kwanza, tumbo baadaye. Kisha akanitia baridi: Mwalimu amemwomba apite kesho saa nne, amtazame Karani kwa jicho la kiuguzi, na hasa achungulie chooni.

Siwezi kula. Nina hofu mbili zinazopigana. Ya kwanza, Karani ataugua zaidi. Ya pili, Sista atajua. Ya kwanza ndiyo kubwa, naapa. Lakini ya pili ina saa maalumu.

Ijumaa, tarehe 8

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Mpango ulikuwa huu. Kila seremala anajua kuziba tundu la msumari: unga wa mbao, gundi, koroga, ziba. Nilichanganya kiasi cha kiganja, nikatia rangi ya kahawia, nikafinyanga vipande vitatu. Urefu tofauti, maana maumbile hayapendi usawa. Kimoja nikakichonga ncha. Vilipokauka nikavipiga msasa kidogo, kwa mazoea tu. Nikaviweka kwenye maranda. Nilisimama mbali nikavitazama, na nilijivunia.

Sista akaja saa nne kamili na glavu zake. Akafungua mlango wa choo. Akasifu bawaba. Akaokota kipande kimoja, akakibinya. Hakikubinyika. Akakigonga kwenye ukingo wa sanduku, kikalia ko.

Akatafuta kiti akakaa. Akasema miaka thelathini na minane wodini hajawahi kuona choo kigumu namna hii kwa kiumbe chochote, na kwamba mnyama huyu yuko hatarini. Nikasema labda ni mabadiliko ya chakula. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, nifunge mdomo nilete kikapu. Dakika mbili baadaye tulikuwa tunavuka barabara. Mimi na Karani, yeye na vipande vitatu ndani ya bahasha.

Daktari ni binti mpole mwenye miwani. Alimpapasa Karani, akasema kweli tumbo limejaa, tena siku nyingi. Kisha akachukua kipande, akakikata kwa kisu kidogo. Akakinusa. Akaita msaidizi wake naye akanusa. Akatuambia hii ni mbao. Paka huyu anakula mbao na gundi. Matumbo yake huenda yameshikana, na kama ndivyo, atapasuliwa leo hii.

Sista alifumba macho akamshika Karani mguu wa mbele.

Sijawahi kuogopa hivi maishani. Karani alikuwa amekaa wima juu ya meza ya bati, ananitazama, kama ndiye aliyeniita ofisini. Nikasema mbao ile si ya paka. Ni yangu. Daktari akanikazia macho, akauliza kwa upole sana kama nina maana kwamba mimi ndiye niliyeitoa.

Nikaeleza yote. Simu ya Mwalimu, boga, baiskeli, gundi, msasa. Sista alikuwa anatazama ukuta. Nilipofika kwenye mtoto wa dada, mabega yake yalianza kutikisika, sijui ni hasira au nini.

Hakuna kupasua. Maji ya uvuguvugu kwa bomba la kuoshea tumbo, dawa ya kulainisha, alale hapo hadi kesho. Wakampima, kilo nne na nusu, ikaandikwa kwenye kadi. Daktari akauliza kuhusu choo cha nyumbani. Nikamweleza kwa fahari kidogo. Aliandika vanishi. Aliandika maranda. Aliandika tochi, akaipigia mstari.

Nyumba leo ni kimya. Nimeketi na mguu wangu.

Jumamosi, tarehe 9

Amepata! Alfajiri, zahanati, mara mbili. Msaidizi alinitangazia mapokezini mbele ya mzee mmoja mwenye mbuzi. Nililia. Mzee akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Nimepewa masharti. Beseni la kawaida, mchanga wa kawaida, pembe yenye utulivu. Maji safi. Chakula chenye majimaji. Dawa kijiko kimoja asubuhi. Maziwa hapana. Harufu kali hapana. Na daktari alirudia mara tatu: paka asitazamwe akiwa chooni, kwa sababu hata mimi nisingeweza.

Sista ameniazima beseni. Alilisugua kwanza, kisha akanipa.

Jioni nilikaa karakana nimegeuza mgongo, masikio nyuma. Nikasikia mchanga ukikwanguliwa. Nimefanya kazi miaka ishirini na sijasikia sauti nzuri kama ile. Sikugeuka. Niligeuka kidogo tu.

Jumapili, tarehe 10

Mwalimu alikuja na binti yake. Sikulala jana, nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maelezo ya aina tatu, kutegemea Sista atakuwa amesema nini.

Sista alikuwa hajasema kitu. Alikaa pale anakunywa chai yangu, anatazama dari. Hilo lilinitisha kuliko kama angesema.

Mwalimu akauliza habari za choo. Nikafungua mdomo kwa maelezo ya pili. Akaniinulia kidole. Akasema alijua tangu Jumanne, maana hata darasa la nne, jibu langu likiwa la uongo nilikuwa naliongezea mapambo. Alisubiri aone nitafika wapi. Akasema hakudhani nitafika kwenye gundi. Kumbe daktari naye ni mwanafunzi wake.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nampenda paka huyu na nikimkosa sitajua pa kuweka mguu. Sikupanga kusema hivyo. Karani akapanda mapajani pangu, akageuka mara mbili, akalala. Mwalimu alimtazama, macho yake yakalowa.

Uamuzi wake: siku tatu zaidi. Jumatano Karani anapimwa uzito tena. Akiwa na kilo nne na nusu zake au zaidi, ina maana anakula na ametulia, basi ni wangu moja kwa moja. Akipungua, ina maana bado anasononeka, anahamia kwa Sista. Mimi na Sista tulikubali. Tukapeana mikono kama watu wazima.

Nimejifunza. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumatatu, tarehe 11

Maji yamenifika shingoni.

Nimempima Karani kwa mizani ya misumari. Kilo nne na robo! Nimempima mara tano. Anakula vizuri, anacheza, anakimbiza maranda karakana nzima. Robo inayokosekana naijua ilikokwenda. Iliachwa zahanati Jumamosi alfajiri, na nililia kwa furaha. Nimemponya, na kupona kwake ndiko kunakonishtaki.

Nimemweleza Sista ukutani, yeye uani kwake, mimi kwangu. Akacheka. Akasema jambo lenyewe ni dogo: nimwambie daktari hivyo hivyo, naye atamwambia Mwalimu, kwisha. Akasema hata yeye ataniunga mkono, kwa sababu paka mwenyewe ameshachagua.

Ni ushauri mzuri. Nimeufikiria njia nzima kutoka ukutani hadi kwenye benchi la kazi, hatua kumi na moja. Lakini daktari akisahau? Mwalimu akidhani ni mapambo mengine? Nikimkosa Karani kwa sababu ya maneno matupu?

Nimemshonea kola. Ngozi nyekundu, tabaka mbili, na katikati konzi za misumari ya inchi moja, robo kilo kamili. Nimemvisha kwa majaribio. Kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesoma waraka mrefu. Inampendeza. Na ni nani huyo atakayemvua paka kola yake kabla ya kumpima?

Tatizo moja tu. Akitembea, misumari inalia. Nimemfungia kengele pia, ili watu wadhani ni kengele.