Ombi la Kufungwa Plasta Mahali Pasipovunjika

Kwa Daktari Mkuu,
Idara ya Mifupa.

Ndugu Daktari Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa foleni. Mimi ni mkata vitambaa katika karakana ya sare za shule, mama wa watoto wawili, na mgonjwa wa fibromialgia, yale maumivu ya mwili mzima, kwa kibali cha hospitali yako mwenyewe. Ni yule mwanamke aliyepigwa picha kila mfupa, akatolewa damu mpaka akajihurumia, kisha daktari wako kijana akamweleza kwa upole kwamba vipimo vyote ni safi na ugonjwa upo. Nililia kwa furaha, maana kinachonitesa kimepata jina. Nikatoka mbio kwenda kuwaambia watu. Matatizo yalianzia hapo, na ndiyo sababu ya barua hii, ambayo naomba uisome ukiwa umekaa, kwa kuwa wewe una kiti.

Naomba nifungwe plasta ngumu, ile nyeupe ya waliovunjika, inayogongeka kama mlango. Sijavunjika popote. Sababu zangu ni hizi:

1. Ugonjwa wangu hauonekani. Kwa nje mimi ni buheri wa afya. Kwa ndani naumwa mabega, kiuno na magoti, na zipo siku ambazo hata blauzi ikinigusa najiona kama nimepigwa. Nikieleza hivyo, watu hunitazama usoni na kuniambia nimenawiri. Daktari, nimechoka kunawiri.

2. Mpiga Pasi. Huyu ni mwenzangu kazini, mtu mwema, sina ugomvi naye. Alijiangushia pasi mguuni akavunjika kidole, mkamfunga plasta. Aliporudi, Bosi alimpa stuli ndefu, ambayo ndiyo pekee karakana nzima. Wenzetu wakamnunulia soda, na mshona vifungo akamchorea ua kwenye plasta. Kidole, Daktari! Tena kile cha mwisho, ambacho mtu hukikumbuka akijigonga kwenye mguu wa kitanda. Kimeshapona zamani, naye bado anapiga pasi amekaa kama hakimu. Mimi mwenye maumivu kuanzia shingoni hadi unyayoni nakata vitambaa nimesimama kutwa.

3. Daktari wako alinifundisha namna ya kuishi na siku ambazo maumivu yanachachamaa: nigawe kazi vipande vipande, nikae kabla sijachoka, nitembee kidogo, nioge maji ya moto, nilale mapema. Nafuata yote isipokuwa kukaa. Nilimwomba Bosi ile stuli, akasema ni ya wagonjwa. Nikampa cheti chako. Alilisoma neno fibromialgia mara mbili, akauliza kama ni kitambaa kipya na kama kinachuja rangi. Kisha akanionya kwamba shule zikikaribia kufunguliwa na mimi nikalala nyumbani tena, atamweka mkataji mwingine. Hapo sicheki, Daktari. Kazi ile naipenda. Toka nishike mkasi pale, hakuna sketi iliyotoka na upande mmoja mrefu. Naogopa kuikosa kwa sababu ya kiti.

4. Mama mkwe. Yeye anaamini nina uvivu uliosoma. Wifi yangu naye ana video yangu nikicheza harusini, na huwaonyesha wageni kabla hawajanywa hata maji. Ni kweli nilicheza. Siku ile mwili uliniachia, nikacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Lakini kesho yake hakuna aliyekuja kurekodi. Angekuja, angenikuta kitandani, mume wangu akinigeuza upande wa pili taratibu, kama mtu anayehamisha kabati lenye vyombo ndani.

5. Najua utauliza plasta iwekwe wapi, maana maumivu yangu hayana makazi ya kudumu. Jumatatu yako begani, Jumatano yamehamia nyonga, na Ijumaa yanatembelea taya. Nimelifikiria hilo kitaalamu na nimeambatanisha patroni, yaani karatasi ya kukatia. Utaona ni plasta ya vipande, ina zipu ubavuni, na inahama kutoka mkono hadi mguu bila kuharibu mshono. Nimeacha nafasi ya pindo endapo nitanenepa. Mfuko mdogo ni wa dawa.

6. Baada ya kulala na kuamka, naona hata hiyo haitoshi. Ni bora plasta ya mwili mzima, yenye dirisha la uso na kola. Nyeupe iwe ya siku za kawaida na nyekundu ya siku za kuchachamaa, ili mama mkwe ajue hali yangu kabla hajafungua mdomo. Mgongoni pabaki wazi kwa sahihi za wageni.

7. Ikiwa utaratibu hauruhusu kufunga kisichovunjika, basi nivunjeni. Napendekeza kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, Ijumaa mchana, nikishamaliza oda. Nitakuja na kandambili zangu.

Nakutakia mifupa mizima. Nisalimie wauguzi wote, dada wa mapokezi anayeita majina kana kwamba anaimba kwaya, mpiga picha za eksirei, na huyo anayekoroga plasta, ambaye tayari namhesabu kama shemeji.

Wako mwenye vipimo safi,
Mkata Vitambaa.

Nyongeza: Ombi limepitwa na mambo. Nilipotia sahihi nilifurahi kupita kiasi, nikashuka ngazi za karakana kwa kuruka ili niwahi kukuletea barua, nikakanyaga hewa. Kifundo cha mguu kimevunjika kweli, na idara yako imeshanifunga. Yote niliyoyatarajia yametimia. Bosi ameniletea stuli kwa mikono yake. Mpiga Pasi amelia. Mama mkwe ananilisha kwa kijiko, ingawa mikono ni mizima. Nikawaambia kwamba mguu huu hauumi hata nusu ya siku zangu za kuchachamaa, nikidhani sasa watanielewa. Mama mkwe akapiga makofi. Akawatangazia wote kwamba kumbe miaka yote hii ulikuwa ni huu mguu, ulikuwa unajiandaa kuvunjika, na plasta ikitoka nitakuwa nimepona kabisa. Wote wakashukuru. Bosi ameshaweka tarehe ya kuichukua stuli yake. Kwa hiyo naliondoa ombi la plasta, Daktari, na patroni unaweza kuitupa. Naomba tu uje karakana siku moja, wewe mwenyewe, uwaambie mbele yangu kwamba naumwa.