Bembea ya Section 58

Nyongesa alikuwa amesimama nje ya duka la vitambaa mjini Nakuru, akijifanya anangoja mtu, aliposikia sauti ya mwanamke mwenye pesa ikiuliza ndani, "Hamna zile pazia za vioo vidogo vidogo? Nataka sitting room yangu ikae kama ya Wahindi kabisa."

Zilikuwa zimeisha. Nyongesa akanyoosha kola.

"Mathe, samahani kukuingilia," alimwambia alipotoka. "Hizo vitu mimi ndiye huleta. Direct kutoka Gujarat."

Mama yule aliitwa Chepkirui. Alisema mumewe ana kahawa Subukia na wamenunua nyumba mtaa wa Section 58, akampeleka aione siku hiyo hiyo. Ilikuwa nyumba pana, inanuka rangi mbichi, kuta zake tupu. Nyongesa alizitazama kuta hizo jinsi mchinjaji anavyomtazama fahali.

Kwa siku nne alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote halali. Alipiga masinia ya bati kwa nyundo, akayapaka rangi ya dhahabu. Alivunja vioo vya kujitazamia, akavishona kwenye mapazia ya mitumba. Ndovu wa mbao aliyechongewa watalii akamfunga kilemba. Ijumaa akaenda kuvitundika mwenyewe, akieleza historia ya kila kimoja.

"Hii sinia ilikuwa ya harusi ya mfalme."

"Mfalme gani?"

"Wa pili," alisema Nyongesa bila kupepesa.

Chepkirui alishika shavu kwa furaha. "Nimependa zote. Nitakulipa yote kwa mkupuo mmoja. Lakini sebule ya Kihindi bila bembea ni bure. Ile ya mbao, na minyororo ya shaba, inaning'inia ndani ya nyumba. Ukinipatia hiyo, taja bei yako mwenyewe." Akahema. "Nasikia dereva fulani wa lori, Kipkemei, anauza moja huko Salgaa. Lakini mzee wangu hataki niongee na madereva."

Taja bei yako. Nyongesa alitoka pale miguu haigusi chini.

Kesho yake alimkuta Kipkemei huko Salgaa, nyuma ya hoteli, anakula mbavu za mbuzi kando ya kitu kilichofunikwa turubai. Turubai lilipoinuliwa, hata Nyongesa, aliyezoea kusifu takataka, alijifuta mikono kabla ya kuigusa. Mbao ilikuwa nyeusi, imechongwa tausi, na shaba ilikuwa shaba kweli.

"Punguza, boss," alisema.

"Kuna mtu wa Eldoret anaikujia saa nane," alijibu Kipkemei, akaendelea kutafuna.

Saa saba na nusu Nyongesa alikuwa ametoa akiba yake yote, simu yake, na koti la ngozi alilolivaa. Akakodi pikapu kwa ahadi ya kulipa akifika, akakalia bembea huko nyuma, akawapungia mkono watu wa barabarani kama mgombea wa ubunge.

Lango la Section 58 lilifunguliwa na mzee wa Kihindi aliyevaa malapa. Nyuma yake, mlangoni, kulikuwa na masanduku ya safari.

"Shruti," mzee alimwita mkewe, "njoo. Bembea ya mama imerudi."

Nyongesa alishika ukingo wa pikapu.

Mzee, jina lake Jagdish, alikuwa mchangamfu. Walikuwa India wiki tatu, alisema, na Chepkirui aliwaangalizia nyumba wakati wa kupaka rangi. Mama mzuri sana. Ameacha kazi asubuhi hii tu, kaka yake dereva amempatia biashara. "Alituambia alipeleka bembea kurekebishwa, na fundi ataileta leo. Pesa yako alikupa, sivyo?"

Nyongesa alifikiria kusema ukweli. Akaanza kuupanga kichwani toka mwanzo, akafika kwenye masinia, akaacha.

"Alinipa," alisema.

"Basi itundike."

Aliitundika, jasho likimtiririka, huku Shruti akiyashusha masinia na kuyarundika mlangoni. "Alisema hizi ni zako, uliziweka hapa zikauke," alimwambia kwa upole. "Usizisahau."

Nje, dereva wa pikapu alipiga honi. Jagdish alikaa kwenye bembea, akajisukuma kidogo, akatega sikio.

"Hailii hata kidogo. Chepkirui alisema wewe ni fundi mwaminifu."

Shruti alimletea chai. Nyongesa alionja, akaomba aongezewe sukari.