Koti la Mtumba na Kaseti ya Romania

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani nikiwa nimevaa koti. Anayetaka kucheka acheke kwa adabu.

Koti lenyewe ni la mtumba, nimelinunua mnadani Same. (Tangu biashara ifunguliwe, Ulaya yote inavaliwa Same kabla haijapoa.) Mfukoni nikakuta kaseti. Nikaisikiliza. Mama yangu! Kinanda kinakimbia, tarumbeta inalia, mwanamume anapinda sauti mpaka unamwonea huruma. Juu imeandikwa Romania. Zaidi ya hapo sikuelewa hata neno moja.

Leo ilikuwa harusi ya dada yake Nakijwa, huko juu milimani. Nakijwa ndiye ninayemtaka. Baba yao, Mzee Mbwambo, ni mzee wa kanisa, na posa yangu ameikalia tangu mwaka jana. Nikapewa kazi ya kupiga muziki. Nikasema hapa ndipo pa kung'ara.

Watu walipomaliza makande nikaweka kaseti. Mlima ulihama! Mabibi walitupa fimbo. Wanakwaya walicheza mpaka viatu vikaomba msamaha. Mzee Mbwambo akanijia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu si muziki wa dunia huu?"

"Hapana, mzee! Ni Walutheri wa Romania." (Walutheri! Hata mimi nilishangaa kuwaona wakitoka mdomoni mwangu.)

"Lugha yao unaijua?"

"Kidogo tu. Tuliigusa masomo ya jioni." (Tuligusa utunzaji wa mahesabu.)

"Basi tutafsirie."

Akanipa kipaza sauti. Nakijwa ananitazama. Nikafumba macho kama mhubiri: "Nitatoa vyote nilivyo navyo! Wala sitauliza bei! Kwa ajili yako, mpendwa!"

"Amina!" wakaitikia wote. Shangazi yake Nakijwa akalia machozi ya kujaza ndoo.

Hapo akasimama babu mmoja mwenye kofia ya pama, Bwana Mifugo mstaafu kutoka kijiji cha Bendera. Kumbe enzi za ujamaa serikali ilimpeleka kusomea mifugo wapi? Romania!

"Kijana, hebu rudisha nyuma." Nikarudisha. "Anasema: nina hela, nina magari, wake za watu wananililia, maadui zangu wapasuke kwa wivu. Muziki huu unaitwa manele. Wasomi wa kule wanautukana, halafu harusini wao ndio wa kwanza kuucheza. Ukimtuza mwimbaji anakutaja jina, na wabaya wako anawaponda."

Nikatafuta shimo la kuingia. Milima yote hii, shimo hakuna!

Mara shangazi wa machozi akaruka: "Kumbe mipasho! Si mngesema mapema? Rudia, mwanangu, nina jirani yangu hapa!"

Wakacheza mara mbili ya mwanzo, kila mtu akimnyooshea kidole mbaya wake. Bwana Mifugo katikati, pama mkononi.

Nikadhani nimepona. Nakunja nyaya, nikahisi mkono begani. Mzee Mbwambo.

"Kijana, Kiromania mimi sikijui."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini Kiswahili nilikisikia mwenyewe, tena kwenye kipaza sauti, na watu wote wakasema amina. Utatoa vyote ulivyo navyo, wala hutauliza bei. Lete wazee wako Jumamosi. Mahari tutaanzia hapo."

Nakijwa alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo, jamani, posa imekubaliwa na mimi nimefilisika. Koti linauzwa. Kaseti msiulizie, shangazi kagoma kuirudisha.